Kupakia Nyumba kwenye Lori

Mtu anayekimbia hana lori. Mauaji yalipoanza huku kusini mwishoni mwa Aprili 1972, watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikwenda Tanzania kwa miguu, wengine wakavuka ziwa kwa mitumbwi hadi Zaire. Walibeba mtoto, na kama bahati ipo, sufuria. Mwaka 1996 vita ilipofika Uvira ikawa zamu ya watu wa upande ule kukimbia, na wao pia walibeba kilichoenea kichwani. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na ile meli ya zamani, Liemba, ikawa inawapeleka Kigoma. Ilichukua watu. Hakuna aliyeuliza habari ya kabati.

Lori linaingia kwenye historia yetu wakati wa kurudi. Kuanzia 2008, zaidi ya watu 50,000 wa mwaka 1972 walirudi Burundi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miaka 36 imepita! Waliotoka na sufuria walikuwa na mabati, milango, cherehani, baiskeli, magunia ya mahindi, kuku. Wale wa Katumba walipanda treni hadi Kigoma, kisha magari yakaendelea hadi mpakani. Halafu ikaja kambi ya Mtabila, iliyofungwa mwisho wa 2012: watu zaidi ya 30,000 walisafirishwa ndani ya wiki chache tu, na vyombo vyao.

Hesabu za watu zimeandikwa. Lakini nani aliyepanga ile mizigo mpaka ikafika? Mimi naona hapo kuna ufundi ambao sisi vijana tunaudharau. Tunafikiri shofa ni mtu wa usukani basi.

Vyombo vya nyumba ni mzigo mbaya kuliko saruji. Mfuko wa saruji unafanana na mwenzake, unapanga kama matofali. Nyumba ya mtu haina umbo. Kuna kitu kizito kidogo, kama cherehani, na kuna kitu chepesi kikubwa, kama godoro. Vizito vinakaa chini, karibu na kabini, pande zote mbili ziwe sawa, maana uzito ukilala upande mmoja lori linaweza kupinduka kwenye kona. Mabati yanalala, hayasimami, tena yafungwe peke yake, yakianza kuteleza yanakata kamba na yanakata mtu. Godoro linaingia kati kati ya vitu vinavyogongana. Turubai linafunikwa kuanzia nyuma kuja mbele, ili kipande cha mbele kiwe juu na upepo usiingie chini yake. Na kamba zinakazwa tena baada ya kilomita chache, kwa sababu mzigo unakaa chini lori likitikisika, na kamba iliyokuwa ngumu asubuhi inakuwa kama ya kuanikia nguo.

Halafu kuna jambo la nani anashuka wapi. Lori likitoka mpakani Mugina na kupita Mabanda, linateremka hadi Nyanza-Lac ndipo linafuata ziwa kuja Rumonge na huku Magara. Kwa hiyo vyombo vya familia ya Magara vinapakiwa kwanza, vya Nyanza-Lac mwisho. Anayepakia bila kuuliza komine ya kila familia atashusha lori zima barabarani, usiku, mvua ikinyesha, na mama wawili wakigombania beseni moja.

Mpakani penyewe kuna mtihani mwingine. Tanzania wanaendesha kushoto, Burundi kulia. Gari la Tanzania lina usukani upande wa kulia, sasa likiingia huku dereva anajikuta amekaa upande wa mfereji. Ukija kaskazini kwenye RN3, yeye anaona mlima na mawe yaliyoanguka. Gari linaloteremka mbele yake halioni vizuri, wala ziwa lililokula kingo ya barabara. Anayeona ni utingo, yule ambaye wengine tunamwita tandiboi, aliyekaa kushoto. Maisha ya wote yanategemea kijana asiye na permi kusema pita au ngoja. Na kwenye mteremko wa Mabanda dereva mzuri anaingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Anayeweka nyutro ili abane mafuta anaacha breki zifanye kazi yote, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki.

Haya yote yalifundishwa wapi? Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Usafirishaji tangu 1975, na VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994. Ni vizuri. Lakini madereva wengi wa zamani walisoma kwa miaka ya utingo: kuosha gari, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kulala juu ya mzigo kwa ajili ya wezi, kubadilisha tairi, kufunga kamba mara mia, na siku moja bosi akichoka anakuachia usukani mahali patupu. Ilikuwa shule ndefu na ya matusi, siisifu. Ila mtu alitoka anajua mzigo kabla ya kujua gari.

Siku hizi imegeuka. Vijana ninaokaa nao hapa wanataka permi, na wana haki, permi ni karatasi, na mkimbizi anajua thamani ya karatasi. Wanalipa pesa ya kode na maneva. Kamba hakuna anayefundisha, na hakuna cheti chake. Mtu aliyefunga turubai miaka kumi akienda kuomba kazi anaandikwa kibarua.

Na kazi yenyewe ipo. Tangu ziwa lianze kupanda miaka hii, familia za ufukweni zinahama kwenda juu, safari ya kilomita tatu au nne, kwa Fuso ya kukodi. Wanapakia vijana waliokutwa kando ya barabara. Niliona wameweka mashini ya kushona juu ya vitanda, kwa kuwa mama mwenyewe aliileta mwisho, na hakuna aliyemwambia asubiri kwanza washushe.