Cherehani Iliyovuka Daraja la Kuelea

"Mwanangu, yule wa vyuma chakavu alitaka kuipima kwa kilo," aliniambia mama mmoja wa Mwandoni, akiifungua leso aliyoifungia cherehani ya mkono iliyoganda kwa kutu. "Nikamwambia abebe mizani yake aende."

Mimi si fundi wa kulipwa. Nimestaafu, na kila Jumamosi natandika gunia barazani hapa Kengeleni, natoa mswaki mkuukuu, mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, naanza. Mafuta ya taa nayatia kwenye viungo tu, yalale humo usiku kucha. Mwilini siyagusishi, wala spiriti, maana ile nakshi ya dhahabu juu ya rangi nyeusi ikifutika hairudi tena. Kukicha najaribu gurudumu kwa vidole viwili. Likikataa silishurutishi, naongeza mafuta, nangoja. Ipo moja iliyonishika wiki tatu kabla ya kusogea unywele mmoja.

Mapenzi haya yalianzia kwenye Singer 28K ya nyanya yangu. K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichofunguliwa mwaka 1885 mjini Clydebank, Uskoti, na namba yake inaanza na herufi Y, ya zile zilizotoka huko miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Haina bobini ya duara kama hizi Butterfly za Uchina tulizozizoea. Uzi wa chini unakaa ndani ya kichuma chembamba kilichochongoka ncha, kinachobembea mbele na nyuma chini ya sindano. Nyanya alikiita kidau, na mimi nakiita hivyo hivyo.

Wazee wa nyanya waliitwa mateka. Mtaa wetu huu, Frere Town, ulianzishwa mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, mkataba uliosukumwa na Sir Bartle Frere, ambaye mtaa ulipewa jina lake. Wamisionari wa CMS waliwapokea hapa watu waliookolewa majahazini. Waliokuwepo kuwalaki ni Waafrika wenzao waliolelewa Nasik, India, baada ya kukombolewa wao kwanza, na huko walifundishwa useremala na uhunzi. Kina William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi mwaka 1885, walitoka katika kundi hilo. Kwa hiyo mtaa wetu tangu mwanzo ulijengwa na watu wenye ufundi mikononi, na naona hilo halisemwi vya kutosha. Kengele ya kuonya watu wakimbie wateka watumwa inatajwa sana, hata kituo cha matatu kikaitwa Kengeleni. Mikono ya mafundi haina kituo.

Nguo nayo ilikuwa na uzito wake. Pwani hii zamani vazi lilitangaza wewe ni nani: mtumwa alivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki. Ndiyo maana siwezi kuiona cherehani ya nyanya kama chuma tu. Mjukuu wa mateka alikaa na futi ya utepe shingoni, akampima mwanamke mwenzake bega, kifua, kiuno, akamuuliza anataka mkono mrefu au mfupi. Akauliza! Nikifikiri vazi la waliomtangulia lilivyokuwa halina swali, napata baridi.

Aliinunua kisiwani Mombasa, kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, ikavuka kwa mkokoteni juu ya lile daraja la Nyali lililoelea majini tangu mwaka 1931. Alisimulia kwamba aliishika kwa mikono miwili njia nzima, daraja likicheza, akiogopa wimbi kuliko mkokoteni.

Mwaka 1980 daraja la zege lilifunguliwa, na mwaka huo huo kiwanda cha Clydebank kikafungwa. Kituo cha reli cha pale bado kinaitwa Singer. Sijafika huko, ila nikisikia jina hilo nawaona watu wa kule kama majirani.

Mama wa Mwandoni alirudi Jumamosi ya tatu. Nilikuwa nimeshapata sindano. Ya kisasa ya cherehani za nyumbani inaingia bila taabu. Vibobini vyembamba vya kidau ndivyo adimu, nikampa kimoja katika vyangu vinne. Alikuja na doti ya leso mpya kutoka Biashara Street, bado haijakatwa. Mafundi wa barabarani kule wangempindia papo hapo, lakini alikataa.

Nikaiweka mezani, nikatia uzi, nikataka kumjaribia mshono kwanza.

"Ondoka hapo, mwanangu," akasema, akavuta kiti.

Akakamata mpini kwa mkono wa kulia, leso kwa wa kushoto, akakunja pindo bila kupima. Kidau kikaanza kubembea.