Mbwa Mkali wa Usiku: Msitu, Pwani na Daktari

Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, watu hulala huku wakisikiliza. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwezi wa Oktoba 2014, mbwa akibweka saa nane ya usiku nyumba nzima huamka, na mwenye mbwa mkali huhesabiwa kuwa na bahati. Kwa hiyo mbwa huyo akimng'ata mtoto wa nyumbani gizani, watu husema tu kwamba ndivyo alivyo. Mimi sikubali; nitalitazama jambo hili kwa njia ya msitu, ya pwani na ya daktari wa mifugo.

Msitu wa Ituri ni jirani yetu. Mbwa wa wawindaji wa huko habweki sana. Jamaa zake ndio waliopelekwa Ulaya na kuitwa Basenji. Kwa sababu ya ukimya wake, mwindaji humfunga shingoni kengele ya mti apate kujua alipo. Habembelezwi: mtafiti Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa msitu huo miaka ya 1950, alishuhudia mbwa hao wakipigwa mateke tangu kuzaliwa hadi kufa. Lakini wana kazi, na hukua kambini katikati ya watu. Mbwa wa namna hiyo anaijua harufu na hatua ya kila mtu wake, hata kuwe na giza gani.

Pwani ya Waswahili mbwa ana mpaka. Kwa madhehebu ya Kiislamu ya Shafii, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo anaruhusiwa kwa uwindaji, mifugo na shamba, na Sura ya Pango katika Kurani inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu kizingitini pa waliolala pangoni. Tena hadithi ya Mtume inafundisha kwamba mbwa akibweka usiku, mtu ajikinge kwa Mungu, maana mnyama huyo huona tusiyoyaona. Hapa ndipo pwani inapomkaribia daktari wa mifugo: ukali wa usiku una sababu, na sababu hiyo itafutwe.

Daktari huitafuta mwilini. Sikio la mbwa hushika sauti nyembamba zisizotufikia. Sikio lenye usaha au nyonga inayouma humfanya ang'ate anapoguswa usingizini. Anayepofuka hushtuka gizani. Mbwa mzee, akili ikichakaa, hulala mchana na kuzurura usiku. Na mbwa mpole akibadilika ghafla, ashukiwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Nikizilinganisha njia hizi, naona kosa letu liko kwenye mnyororo wa mchana. Mbwa aliyefungwa tangu asubuhi, akirushiwa mawe na wapita njia, hufunguliwa usiku akiwa amejifunza jambo moja tu: mtu ni adui. Hawezi kutofautisha mwizi na shangazi anayekwenda msalani. Msitu unatushinda kwa kumweka mbwa kati ya watu, pwani kwa kumpa mahali pake.

Wazazi wa Kalunguta, mwiteni mbwa kwa jina kabla ya kumsogelea gizani, wala msimruhusu mtoto alale naye. Mpelekeni achanjwe. Aking'ata mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu.