Kutoka Little Steeping hadi Unguja



Nilipokuwa Uingereza nilifika Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire, mashamba kila upande. Kanisa lake la Mtakatifu Andrea ni la karne ya 14. Mgeni mwengine angepita tu; mimi nilikaa, maana padri wa hapo alikuwa Edward Steere, kabla hajafika Unguja mwaka 1864.

Huyu ndiye aliyetoa mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na kile cha hadithi, Swahili Tales. Alifariki 1882, akazikwa katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa.

Sasa hebu tuulizane. Kalamu alishika Steere, lakini hadithi zilitoka vinywani mwa watu wa Unguja. Wao ndio waliokuwa walimu wake. Na mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua lugha ya majumbani mwetu.

Hapa Mabela wajukuu wanatujibu kwa Kiarabu na Kiingereza. Wenzetu wanalitunza kanisa la kijiji karne sita na zaidi. Sisi lugha hii tunamwachia nani? Tuwahadithie watoto, jamani.