Wapemba wa pwani ya kusini: Uraia uliokwama kati ya tarehe mbili

KIJIJI cha Mkwiro kimo kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale, ng’ambo ya bandari ndogo ya Shimoni. Ukipima kwa mstari ulionyooka, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba iko umbali wa takriban kilomita 40 kutoka hapo, ilhali Mombasa iko zaidi ya kilomita 70. Kwa mwenye chombo cha tanga na pepo za msimu, Pemba ni jirani wa karibu kuliko mji mkuu wa Pwani.

Ukaribu huo ndio chanzo cha mojawapo ya mijadala mirefu ya uraia nchini Kenya. Je, familia zenye asili ya Pemba, zilizoishi Kwale na Kilifi kwa vizazi kadhaa, ni za Wakenya, za Watanzania, au za watu wasio na nchi?

Serikali ilitoa jibu Julai 28, 2023, Rais William Ruto alipoongoza hafla mjini Kilifi ya kuitambua rasmi jamii ya Wapemba, inayokadiriwa kuwa na watu wapatao 7,000. Jibu hilo liliwaondolea wengi dhiki ya miaka mingi. Hata hivyo, hafla haibadilishi sheria, na ni sheria iliyowafungia watu hawa mlango kwa muda mrefu. Ili kuelewa kilichopatikana na kilichosalia, ni muhimu kurejea historia.

Walifikaje Kenya?

Hadi mwaka 1963, ukanda wa maili kumi wa Pwani ya Kenya ulikuwa, kisheria, sehemu ya milki ya Sultani wa Zanzibar. Uingereza na Ujerumani ziliutambua ukanda huo kuwa wa Sultani katika mkataba wa mwaka 1886, na kuanzia 1895 Waingereza wakausimamia kwa niaba yake na kumlipa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus, Mombasa, miaka yote hiyo.

Kwa hivyo, mvuvi aliyevuka kutoka Pemba katika miaka ya 1930 akatua Shimoni, Wasini au Vanga alitoka katika ardhi moja ya Sultani na kuingia katika nyingine. Alikuta watu wa dini moja na lugha moja, tofauti ikiwa ni ya lahaja tu: Kipemba kwa upande wake, Kivumba na Kichifundi kwa upande wa wenyeji. Wengine walioa, wakajenga na kuzaa. Wengine walikuja kwa dago, yaani kambi ya msimu, wakivua wakati wa kaskazi kisha wakirejea kwao.

Hali hiyo ilibadilika Oktoba 1963, pale Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipokubaliana kwamba ukanda wa Pwani ungekuwa sehemu ya Kenya. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963. Kenya ikafuata Desemba 12. Bahari iliyokuwa njia ikawa mpaka.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Watu wengi walikimbia visiwani, na baadhi yao walivuka hadi pwani ya Kenya, walikokuwa na jamaa. Wimbi jingine la wakimbizi lilishuhudiwa mwaka 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji Januari 27. Zaidi ya watu 2,000 walivuka hadi Shimoni. Wengi wa hao walirejea kwao mwaka huohuo, na mnamo Oktoba vyama vya CCM na CUF vikatia saini muafaka.

Sheria yasemaje?

Katiba ya mwaka 2010 inaeleza njia mbili za kupata uraia: kuzaliwa na kuandikishwa. Kwa mujibu wa Ibara ya 14, mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani au nje ya Kenya. Ibara hiyo huwahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ikaongeza mlango wa pekee kwa wasio na nchi. Kifungu cha 15 kiliruhusu kuandikishwa kwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, mradi anajua Kiswahili au lugha ya kienyeji, hajawahi kufungwa miaka mitatu au zaidi, na anakusudia kuishi nchini daima. Kifungu cha 16 kiliwahusu wahamiaji waliokuja kwa hiari kabla ya tarehe hiyo, na cha 17 kikawahusu vizazi vyao.

Mlango huo uliwekewa muda wa miaka mitano tangu Agosti 30, 2011. Muda ukaongezwa miaka mitatu, ukaisha Agosti 2019.

Ukizilinganisha tarehe hizo na historia ya Pemba, kasoro inaonekana wazi. Aliyevuka Novemba 1963 kutafuta samaki alihesabiwa kuwa na haki ya kuomba. Aliyevuka mwishoni mwa Januari 1964 kuokoa maisha yake hakuhesabiwa, hata kama wote wawili walijenga katika mtaa mmoja, wakaoa katika ukoo mmoja na wajukuu wao wakaketi dawati moja shuleni.

Kwa familia za aina hiyo ilibaki njia ya kawaida ya Ibara ya 15, inayomtaka mwombaji awe ameishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo. Neno “kihalali” ndilo kizuizi. Mtu asiye na hati ya nchi yoyote hawezi kuonyesha pasi wala kibali, na asipokuwa navyo makazi yake huhesabiwa kuwa kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia faini ya Sh500,000, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili.

Makundi manne chini ya jina moja

Mjadala wa hadharani umekuwa ukiwataja “Wapemba” kana kwamba ni kundi moja. Kisheria, katika kijiji kama Mkwiro, jina hilo linaweza kuwahusu watu wa makundi manne tofauti.

Kundi la kwanza ni wenye mzazi mmoja Mkenya, kwa mfano mama Mvumba au Mdigo na baba Mpemba. Hawa ni raia wa kuzaliwa. Hawahitaji kupewa uraia na yeyote. Wanahitaji karatasi za kuuthibitisha.

La pili ni wazawa wa waliofika kabla ya Desemba 12, 1963, ambao sheria ya 2011 iliwafungulia mlango na baadaye ikaufunga.

La tatu ni waliofika baada ya tarehe hiyo pamoja na watoto wao waliozaliwa Kenya, ambao hawakuwa na mlango wowote wa wazi.

La nne ni wavuvi wa dago, wenye kwao Pemba na uraia wa Tanzania. Hawa wanahitaji kibali na leseni ya uvuvi. Wengi wao hawana haja ya kuwa Wakenya.

Kuwachanganya wote katika kapu moja kumekuwa na madhara pande zote mbili. Mtoto wa mama Mkenya ametendewa kama mgeni wa msimu, naye mgeni wa msimu ametajwa kama ushahidi kwamba wote ni wageni.

Maisha bila kipande

Neno “kipande” lilianza kama jina la hati ambayo wakoloni waliwalazimisha Waafrika kuivaa shingoni. Leo watu wengi hulitumia kwa kitambulisho cha taifa, ambacho kila Mkenya hutakiwa kukichukua anapotimiza miaka 18.

Asiyekuwa nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hana M-Pesa yake. Hawezi kufungua akaunti ya benki, kupata hatimiliki ya shamba wala kupiga kura. Mvuvi hukwama kwenye leseni, na akikamatwa baharini hana cha kuonyesha. Samaki wake huuzwa kwa jina la mwingine, na fedha hupitia mkononi mwa huyo mwingine.

Kwa watoto, tatizo huanza na cheti cha kuzaliwa. Ili kukipata, mzazi huulizwa kitambulisho. Bila cheti, mwanafunzi hupata taabu kusajiliwa kwa mitihani ya taifa. Afikishapo miaka 18, huombwa cheti na vitambulisho vya wazazi ili apate chake. Hivyo ndivyo ukosefu wa karatasi unavyorithiwa, mithili ya deni ambalo hakuna aliyelikopa.

Wako waliojiandikisha kwa jina la kabila la jirani ili wapate kipande. Njia hiyo iliwafungulia milango, lakini imewaweka hatarini, kwa kuwa hati iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa.

Hoja za pande mbili

Wanaopinga kulegezwa kwa masharti wana hoja zisizostahili kudharauliwa. Ya kwanza ni usalama. Kenya imeshambuliwa na magaidi mara kadhaa, na Kwale iko mpakani. Ya pili ni kura: wanasiasa wa Pwani wamewahi kulaumiana kwa kuwaleta wapiga kura kutoka ng’ambo ya mpaka. Ya tatu ni ardhi. Katika kaunti ambayo maelfu ya wenyeji wenyewe ni maskwota, kila raia mpya huonekana kama mdai mwingine wa kiwanja. Ya nne ni bahari, ambayo samaki wake hawaongezeki.

Watetezi wa Wapemba hujibu kwamba mtu asiyesajiliwa ndiye asiyejulikana na serikali. Kumpa kitambulisho ni kuchukua alama za vidole vyake na jina lake. Kuhusu ardhi na samaki, watu hawa tayari wanaishi hapa na wanavua hapa. Uraia hauongezi idadi ya vinywa, huongeza idadi ya walipa kodi na wanaoweza kuwajibishwa.

Hoja nyingine ni ya haki ya mtoto. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila hakika ya uraia hadi wafikishe miaka 18. Msingi wa uamuzi huo ni kwamba uraia ni haki ya mtoto tangu kuzaliwa, na kwamba haipasi kuahirishwa hadi ukubwani.

Waliotangulia

Wapemba hawakuwa wa kwanza. Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, walianza safari ya miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 nchini. Desemba 12, 2020, alitangaza uraia kwa Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda.

Tanzania nayo ilichukua hatua kubwa zaidi ilipowapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa Burundi waliokuwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014.

Mifano ya Kenya ina jambo moja linalofanana: kila jamii ilipata uraia kwa tamko la Rais aliyekuwa madarakani, baada ya maandamano au miaka ya kubisha hodi. Wapemba walipata lao karibu miaka minne baada ya muda wa sheria kuisha. Hakuna aliyepata kwa kuwasilisha fomu dirishani, akajibiwa kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa.

Kilichosalia

Kutambuliwa kwa mwaka 2023 kumebadilisha mengi. Mtoto anayezaliwa baada ya mzazi wake kuandikishwa ni raia wa kuzaliwa, na mnyororo wa ukosefu wa karatasi hukatika hapo. Mzazi mwenyewe, hata hivyo, ni raia wa kuandikishwa, na chini ya Ibara ya 17 uraia huo unaweza kuondolewa kwa sababu kadhaa, zikiwemo udanganyifu au kutiwa hatiani kwa uhaini. Uraia wa kuzaliwa una ulinzi mkubwa zaidi.

Aidha, aliyekosa kuorodheshwa, awe alikuwa baharini, mgonjwa au shuleni, huhitaji mahali pa kupeleka ombi lake. Hapo ndipo mageuzi ya sheria yanapohitajika: utaratibu wa kudumu wa kumtambua asiye na nchi, usiofungwa kwa muda wa miaka mitano, usiotegemea tarehe moja ya mwaka 1963, na unaompa aliyekataliwa nafasi ya kukata rufaa.

Mwaka 2019 mjini Geneva, Kenya iliahidi kujiunga na mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1954 na 1961 kuhusu watu wasio na nchi. Februari 2024, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki yake kuhusu haki ya uraia. Hati hizo zinatoa msingi wa kutosha wa kutunga utaratibu huo.

Familia za visiwani na za bara zimekwisha kuoana, na kaburi la babu mmoja linaweza kuwa Pemba na la mwingine Mkwiro. Sheria haina uwezo wa kuipanga upya historia hiyo. Inaweza tu kumweleza kila mmoja haki yake ni ipi, na aende ofisi gani kuidai, bila kungoja Rais azuru kaunti yake.