Mbao, Rangi na Uso wa Kristo

Ugomvi wa picha takatifu uliotikisa Milki ya Bizanti kwa zaidi ya miaka 100 husimuliwa kama vita vya madaraka, makaisari wakishindana na watawa. Madaraka hueleza nani alishinda lini, hayaelezi kilichobishaniwa. Kiini kilikuwa swali la falsafa: je, mbao na rangi zaweza kubeba utakatifu? Mwaka 730 Kaisari Leo wa Tatu alipozipiga marufuku picha hizo, Patriarki Germano wa Konstantinopoli aliona heri kuacha kiti chake. Jibu zito zaidi lilitoka nje ya milki, kwa Yohane wa Damasko, aliyeishi chini ya makhalifa, ambako mkono wa kaisari haukumfikia. Mungu asiyeonekana hachoriki, alikubali. Lakini aliyetwaa mwili ameonekana. Anayedharau mbao na rangi aseme basi anauonaje mti wa msalaba, na wino wa Injili. Kisha akatenga ibada, iliyo haki ya Mungu peke yake, na heshima, inayoweza kutolewa kwa viumbe. Hapo suala la uzuri likageuka suala la maadili: kuinama ni tendo moja, ila nia ya anayeinama ndiyo inayolipa maana.

Wapo wasemao wapinga picha waliiga tu Uislamu wa majirani zao. Hoja za wapinga picha wenyewe zinakataa. Mtaguso wa Hieria wa mwaka 754, wenye maaskofu 338, ulisimama juu ya mafundisho ya Kikristo: ukichora ubinadamu wa Kristo pekee, umemgawa, ukidai umechora na umungu wake, umechanganya asili zisizochanganyika. Ni hoja kali, na ni haki kuiheshimu, kwani bila ukali huo mtawa Theodoro wa Studio, mtetezi wa picha, asingelazimika, katika karne ya 9, kufafanua kwamba picha huonyesha nafsi, si asili. Aliyechorwa ni Petro, si ubinadamu kwa jumla. Nadharia nzima ya sanaa imo humo.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulikuwa umekwisha kuthibitisha tofauti ya ibada na heshima, lakini tafsiri mbovu ya Kilatini ililigeuza neno la Kigiriki la kuinama kwa heshima kuwa kuabudu. Wanazuoni wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, wakaisoma, wakashtuka, wakaandika kitabu kizima kupinga fundisho ambalo Nisea haikulitoa.