Gari Lililokufa na Kodi Iliyobaki Hai

Kabla ya 2017, trafiki wa Arusha hakuwa na haja ya maswali mengi. Alikuwa anasoma kioo cha mbele: stika ya bima, ya Nenda kwa Usalama, na ile iliyotutoa jasho, rodi laisensi, yaani ada ya gari ya kila mwaka. Tarehe ikiwa imepita, safari yako ya Moshi iliishia pale Philips, hapo hapo Arusha.

Wazee wa Meru waliomiliki magari enzi za Ujamaa walikuwa na shida nyingine kabisa. Magari mengi mjini yalikuwa ya ST, yaani serikali, na ya SU, mashirika ya umma. Lenye namba ya TZ, la mtu binafsi, lilijulikana kijiji kizima. Kuna kipindi mafuta yalipoadimika, gari binafsi lilikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ibada ya Nkoaranga ikirefuka, mwenye gari alianza kutazama saa kabla ya sadaka ya pili. Mlango ulifunguka kwa bajeti ya 1984, iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Baadaye zikaja namba za T na herufi tatu: njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa la biashara.

Peugeot 504 ya marehemu baba iliwahi kubadilishiwa namba hiyo mpya, halafu injini ikafa. Ikawekwa juu ya mawe pale Akeri, kando ya migomba, kuku wakatagia kiti cha nyuma. Lakini kwenye kompyuta za watu wa kodi ilikuwa nzima kabisa. Ada ilifuata usajili, haikufuata magurudumu: injini ya kati ya cc 1,501 na 2,500 ilifikia kudaiwa sh 200,000 kwa mwaka, litembee lisitembee. Kulifuta gari kwenye daftari ni kazi ya mwenyewe, na mzee hakutaka kusikia habari ya kurudisha vibati vya namba. Alisema atanunua injini nyingine. Deni likazaa faini.

Juni 2017 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, akasoma bajeti Dodoma: ada ya kila mwaka imefutwa. Ada ya usajili wa mara ya kwanza ikapanda, kwa daraja hilo hadi sh 250,000, na ushuru wa sh 40 kwa lita ukaongezwa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Nilishangilia, sikatai. Anayetembea sana ndiye anayechakaza lami, basi alipe. Ila mafuta ya taa yalinikera na bado yananikera. Najua hoja yake: yakiwa rahisi, wachakachuaji watayachanganya na dizeli, ndiyo maana kodi yake ilishapandishwa tangu 2011. Lakini mama wa Ngarenanyuki mwenye koroboi hana hata baiskeli. Na anayemwagilia nyanya kwa pampu ya petroli analipia ada ya magari akiwa katikati ya shamba.

Peugeot ilikoma kuzaa deni jipya. Kadi bado ina jina la baba. Shemeji amepata mnunuzi wa vyuma chakavu Unga Limited, na sasa tunahangaikia karatasi za msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, maana ndugu wawili bado wanasema injini itapatikana.