Chuma Kilitoka Sokoni

Wasee, kabla uchukue mkopo wa simu ununue mashine ya mazoezi itakayojaza bedsita yako yote, skiza historia kidogo.

Lile tufe la chuma lenye mkono juu, Warusi wanaliita girya, halikuzaliwa jimu. Lilizaliwa sokoni. Wauza nafaka wa Urusi walilitumia kama jiwe la mizani, na kipimo chao kilikuwa pudi, yaani karibu kilo 16. Kutoka kupimia nafaka, watu wakaanza kushindana kuliinua. Mwaka wa 1885, daktari Vladislav Kraevsky akaanzisha kikundi cha wanyanyua vyuma pale St. Petersburg. Miaka ya 1920 serikali ya Kisovieti ikahamia kilo, pudi ikafa sokoni. Lakini ingia duka la vyuma leo: bado utapata 16, 24 na 32. Pudi moja, moja na nusu, mbili.

Mimi naona hivi: nguvu ilianza na kitu ambacho tayari kilikuwa karibu na watu. Wewe una mtungi wa lita 20. Weka lita 16 za maji, hiyo ni kama pudi moja. Chuchumaa nao, uvute hadi kiunoni, upande nao ngazi. Usiurushe tu, maji hucheza. Miguu, mgongo, mikono, tumbo, zote ziko kazini.

Ukidumu miezi mitatu, nunua girya moja. Usipodumu, angalau hauna deni la mashine ya kuanikia nguo.